Mtoto Asiyetumwa

Binti yangu alikuwa na miaka sita alipokataa kumpelekea jirani kiberiti, na jirani huyo hakunisalimia kwa wiki mbili. Kiberiti chenyewe kilikuwa mkononi mwa mtoto, na mlango wa jirani ulikuwa hatua tano kutoka wetu. Lakini aliambiwa, "Hebu niletee," na hapo akageuka mtu mwingine. Alikitupa kiberiti mtaroni, akajifungia chooni, akalia mpaka akatapika.

Asiyeijua Manyatta, mtaa wetu wa Kisumu, katika miaka ya themanini hawezi kuuona uzito wa jambo hilo. Katika ploti yetu ya vyumba kumi na viwili, mtoto alikuwa wa kila mtu mzima. Mama yeyote aliyemwona mtoto akipita alimtuma chumvi, maji, mafuta ya taa, au amwitie mtu ng'ambo ya barabara, na mtoto alikwenda mbio. Mtoto anayetumika ndiye aliyelelewa. Asiyetumika, lawama zilikwenda kwa mama yake moja kwa moja. Baba walilaumiwa kwa mambo mengine.

Wangu hakutumwa na mtu. Si mimi, si baba yake, si mchungaji. Wala asidhani mtu kwamba alikuwa mvivu, kwa sababu alikataa hata kile alichokitamani. Alililia soda wiki nzima, nikamnunulia, nikaifungua, nikamwambia, "Haya, kunywa." Soda ile ilikaa mezani mpaka ikaisha gesi, naye akiiangalia kwa machozi. Visingizio vyake vilikuwa vya kuchekesha. "Mama, miguu yangu imelala." "Mama, leo mimi ni nesi, na nesi hatumwi na mgonjwa." Ukicheka, umeshindwa. Ukikasirika, umeshindwa zaidi, maana hapo alianza kupiga mayowe, kuuma na kuvunja vyombo, na yakiisha hayo alitetemeka huku ameng'ang'ania gauni langu kama mtu aliyeponea chupuchupu.

Kila mtu alikuwa na maelezo yake. Shangazi za mume wangu walisema ni chira, laana ya mwiko tuliouvunja wakati wa kujenga nyumba ya kijijini. Kanisani walisema ni roho ya uasi, wakataka kumwombea; wakamwambia apige magoti, na maombi yakaishia hapo. Majirani walisema kwa Kijaluo, "Wiye tek," kichwa chake ni kigumu, na kwamba mama yake kutwa anaongea na simu, kulea hajui. Hilo la simu lilikuwa kweli. Nilikuwa opereta posta, na kazi yangu ilikuwa kuwaunganisha watu waliopigiana kelele kutoka Kisumu hadi Nairobi. Mume wangu, fundi katika karakana ya reli, aliamini fimbo. Mimi nilijidai siiamini, lakini nilimpiga pia, na si mara moja. Naliandika hapa kwa sababu linaniuma mpaka leo.

Shule ya kwanza walimvumilia miaka miwili. Ya pili walimvumilia mwaka mmoja. Katika ya tatu alifika darasa la sita akiwa hajawahi kufuta ubao, hajawahi kusimama alipoambiwa asimame, na karatasi zake za mtihani zikirudi nyeupe kama zilivyotoka. Majibu tuliyakuta kwingine. Aliyaandika kwenye dawati, kwenye paja, kwenye ukingo wa gazeti la mwalimu, na yote yalikuwa sahihi. Mwalimu mkuu, mama mnene mwenye sauti ya kusikika uwanja mzima, alituita ofisini.

"Mama, huyu mtoto anajua kila kitu na hafanyi kitu," aliniambia. "Nikimwachilia hivi, darasa lote litanipanda kichwa. Kuna ofisi ya tathmini ya watoto huko mjini. Leteni barua inasema ako na shida gani. Bila barua, mtihani wa darasa la nane hatafanyia kwangu."

Mume wangu alikokota baiskeli njia nzima ya kurudi nyumbani bila kuipanda. Bila mtihani wa darasa la nane hakuna sekondari, na bila sekondari tulijua wasichana wa mtaa wetu walivyoishia. Binti yangu alisoma magazeti niliyokuja nayo kutoka posta kuanzia ukurasa wa kwanza hadi matangazo ya vifo. Nilikasirika kiasi cha kuunguza ugali siku hiyo, jambo ambalo mume wangu hukumbusha watu akipata nafasi.

Ofisi ya tathmini ilikuwa chumba kimoja chenye meza ndogo, vibao vya rangi na picha za wanyama. Mwalimu wa tathmini alikuwa mwanamume mpole, mwembamba, aliyesomea kazi hiyo Nairobi. Alimwekea binti yangu vibao akamwambia avipange.

"Wewe panga, Mwalimu," alijibu binti yangu. "Mimi nitaandika kama umepita." Akachukua kalamu ya mwalimu, akachukua na daftari lake.

Yule mwalimu akapanga. Alipomaliza, binti yangu alimpa saba kwa kumi, akaandika pembeni: "Anajitahidi, lakini anaogopa." Mwalimu alicheka mpaka akavua miwani. Mimi sikucheka, nilikuwa nimekuja kutafuta barua.

Tuliporudi mara ya pili alikuwa amemwita daktari wa magonjwa ya akili, mama mfupi aliyekuja kutoka hospitali na mkoba uliojaa makaratasi. Walimpa mtoto karatasi na rangi pembeni bila kumwambia azifanyie nini, kisha wakaanza kubishana mbele yangu. Wakati huo neno usonji hatukuwa tumelisikia. Wao walitumia la Kizungu, mimi nitatumia la siku hizi.

Daktari alisema mtoto ana usonji wa aina yake. Alikuwa amesoma kwamba ng'ambo wako wataalamu wanaowaona watoto wa namna hii: watoto wanaokwepa kila wanachoagizwa, tena wanakwepa kwa ujanja, kwa utani na kwa kuigiza kuwa watu wengine. Kwamba si ukaidi, ni hofu. Kwamba ombi dogo tu kwa mtoto huyo ni sawa na kusukumwa ukutani.

"Hapana, Daktari," alisema mwalimu. "Watoto wenye usonji mimi nimewaona. Huyu anakuangalia machoni, anatania, anacheza kuwa nesi. Mimi mwenyewe amenisahihisha! Hiyo hofu nakubali. Lakini kuiita usonji, nakataa."

"Anaigiza kwa sababu akiwa nesi, anayeagizwa si yeye."

"Basi hata huko ng'ambo wamekubaliana?"

Daktari alikuwa mkweli, nitamheshimu kwa hilo. Alisema hawajakubaliana. Wengine wanasema ni tawi la usonji, wengine wanasema ni hofu tu ya kawaida iliyozidi, na wengine wanauliza kwa nini mtoto akikataa amri za wakubwa lazima atafutiwe ugonjwa.

Nilisikiliza saa nzima. Mabishano yale yalikuwa matamu kwao, niliona macho yao yaking'aa. Kwangu yalikuwa na maana moja. Kama ni usonji, mahali pekee walipopajua palikuwa bweni moja la shule maalumu, mbali huko kupita mji mdogo wa Awasi, ambako watoto walifundishwa kuvaa na kula, na mtihani wa darasa la nane haukuwepo kabisa. Kama si usonji, basi ni ukaidi, na mwalimu mkuu wetu alishasema mkaidi haendi popote. Mmoja wao akishinda, binti yangu anashindwa. Nikawaambia hivyo hivyo, kwa sauti ya juu kuliko nilivyokusudia.

Daktari aliyakusanya makaratasi yake. Kisha mwalimu akanipa daftari la kurasa arobaini na nane, akaniambia nirudi mwisho wa likizo, na kabla ya hapo niandike kila siku ni maneno gani yamemfunga mtoto na yapi yamemwachia. Nilimwona kama ananifukuza kwa adabu. Hata hivyo nililichukua.

Ukurasa baada ya ukurasa niliandika yaliyomfunga. Amka. Oga. Kula. Njoo. Ngoja. Upande wa pili wa daftari ulikaa mtupu mpaka tulipokwenda nyumbani kwa mume wangu, huko Nyakach, mwendo wa mguu kutoka soko la Katito. Dada mdogo wa mume wangu alikuwa anaposwa, na wakwe walikuwa wanakuja.

Kwetu, mkwe haamrishwi. Mama wa msichana hamsogelei bwana harusi, hamshiki mkono, na hata akiona nyoka karibu na mguu wake, nadhani atauambia ukuta. Siku nzima nilimsikia mama mkwe wangu akizungumza hivyo. Kiti cha bwana harusi kilipigwa na jua, naye akasema akiwa ameangalia kuku, "Jua la leo limefika mpaka kwenye viti," na kijana akasogeza kiti. Wageni walikuwa na kiu, akasema, "Mtungi ule umejaa maji ya baridi," akaenda zake. Nasi wake wa boma tukawa tunaongea vilevile, kila neno likipita kando ya mtu bila kumgusa. Binti yangu alikaa kwenye kizingiti cha jikoni, kidevu juu ya magoti, akisikiliza kwa raha ambayo sikuwahi kuiona usoni mwake.

Ilipofika saa ya chakula nilikuwa nimechoka, jasho, moshi, sufuria tatu za kuku. Aliyepaswa kuwanawisha wageni hakuonekana. Nikageuka kwa binti yangu, na mdomo, kwa mazoea ya siku ile, ukakosea. Badala ya kumtuma, nilimsemesha kama mkwe.

"Maji ya kunawa yako kwenye birika," nilisema, "na wageni wana njaa." Nikampa mgongo, kama tulivyokuwa tukifanya tangu asubuhi.

Nilipogeuka birika halikuwepo. Nilitoka mbio nikiwa na hakika amelimwaga. Binti yangu alikuwa ameinama mbele ya mjomba wa bwana harusi, birika mkono wa kulia, beseni mkono wa kushoto, taulo begani, anamimina maji polepole. Akamaliza, akaenda kwa wa pili. Aliwanawisha wageni kumi na mmoja, wote. Mume wangu alisimama katikati ya boma mdomo wazi, mkate mkononi, na mbwa akamnyang'anya ule mkate.

Nilirudi jikoni nikalia ndani ya moshi, ili mtu akiuliza niseme ni moshi. Kisha nikachukua daftari. Ule upande mtupu ulipata mstari wake wa kwanza.

Kuanzia hapo nyumba yetu ilizungumza kikwe, lugha ya wakwe. "Nguo ya kanisani imekauka." "Chai inapoa." Mume wangu alikataa mwanzoni. "Yawa, jamani, sasa mtoto wangu wa kuzaa nimfanye mkwe?" Baada ya wiki moja alikuwa ametushinda sote, alipita sebuleni akiiambia redio kwamba viatu vya shule vina matope. Majirani walisema tumerogwa. Tulicheka, nyumba iliyokuwa haicheki.

Tukajivuna, na ndipo mtoto akatuonyesha kosa letu. Siku moja nilisema, "Vyombo vya jana bado vichafu," kisha nikasimama pale pale, mikono kiunoni, nikingoja. Aliniangalia usoni akasema, "Mama, hiyo ni amri tu umeivalisha nguo." Akaingia chini ya kitanda na hakutoka mpaka jioni. Nilikasirika, halafu nikaona ana haki. Mkwe anaachiwa kweli. Asiposogeza kiti, hakuna anayemsimamia. Mimi nilikuwa nimechukua maneno, na kiburi changu kilikuwa pale pale. Hilo nililiandika pia, ingawa mkono ulikuwa mzito.

Likizo ilipokaribia kwisha niliwasomea daftari wale wataalamu wawili. Nilipomaliza, mwalimu wa tathmini alipiga meza. "Umeona, Daktari? Ingekuwa usonji, kubadilisha maneno kungesaidia nini?" Daktari naye akapiga meza upande wake. "Kinyume! Hilo ndilo linalothibitisha!" Na mabishano yakaanza upya, makaratasi yakatolewa mkobani.

Mimi nimezaliwa na hasira fupi, na siku hiyo nilishukuru. Nilisimama nikasema, "Bishaneni, nyinyi ni wasomi na hiyo ndiyo kazi yenu, na pengine iko siku mtapata jina linalomfaa. Lakini mtoto anaingia darasa la saba wiki ijayo. Hebu andikeni yale ambayo wote wawili hamyapingi."

Waliangaliana. Ikawa kwamba wasiyoyapinga yalikuwa mengi, yalijaa ukurasa mzima. Kwamba mtoto ana akili timamu na kubwa. Kwamba hakatai kwa dharau, amri humtia hofu. Kwamba abaki katika shule ya mtaani na afanye mtihani na wenzake. Kwamba asemeshwe kama inavyoelezwa katika daftari la mama yake. Mwishoni daktari aliandika kwamba jina la hali hiyo bado linajadiliwa na mtoto asisubirishwe kwa ajili ya jina. Wote wawili wakatia sahihi. Nilitoka pale natembea kwa mabega, na mlinzi wa getini alinisalimia kama mke wa mbunge.

Mwalimu mkuu aliisoma barua mara tatu. "Kwa hiyo mimi niwe nanong'oneza ukuta?" aliuliza. Hakunong'oneza kamwe, lakini aliiweka barua kwenye faili. Aliyeipenda ni mwalimu wa hesabu, mzee aliyebakiza miaka miwili astaafu. Alikuwa anaandika hesabu ubaoni na kosa ndani yake, kisha anatoka nje kuvuta hewa. Akirudi anakuta kosa limesahihishwa kwa chaki, na njia imeandikwa. Hakusema lolote, aliandika nyingine. Kwa njia hiyo binti yangu alimaliza hesabu za darasa la nane kabla ya nusu ya mwaka wa mwisho.

Lakini mtihani wa taifa hauzungumzi kikwe. Unasema jibu maswali yote, andika namba yako, usifungue mpaka uambiwe, weka kalamu chini. Ni nchi nzima inayomwamrisha mtoto mmoja kwa siku tatu, na hakuna barua ya kuibadilisha.

Alipofika darasa la nane, asubuhi ya siku ya kwanza ya mtihani, alikaa kitandani na nguo za kulalia. Saa moja ikafika. Saa moja na nusu. Sare ilikuwa kwenye msumari. Mume wangu alikuwa nje anatia upepo baiskeli ambayo magurudumu yake yalikuwa yamejaa. Mdomoni mwangu maneno yalijaa: vaa, amka, twende, nakuomba, mwanangu, baada ya yote haya! Niliyameza, na yaliniuma kuyameza. Nilijiuliza kama naweza kweli kumwachia. Si kwa maneno, kwa moyo. Kama asipokwenda, je, nitamwangalia jioni bila kumhesabia? Nilisimama na kikombe cha chai mpaka jibu likaja, na lilikuja taratibu.

"Mimi naenda kazini," nilimwambia. "Mtihani ni wako. Ukifanya au usipofanya, jioni kuna samaki, na mimi ni mama yako." Nikachukua mkoba nikatoka, na nilimvuta mume wangu mkono tukaondoka pamoja bila kugeuka.

Posta siku hiyo niliwaunganisha watu ovyo. Mfanyabiashara aliyetaka Nakuru nilimpa hospitali, akaniita majina ambayo hayaandikwi. Saa nne hivi taa ya simu ya shule ikawaka. Nilichomeka waya upesi. Alikuwa mzee wa hesabu, na naye ugonjwa wetu wa kuzungumza kikwe ulikuwa umemshika.

"Mama," alisema polepole, "dawati la dirishani lina mtu."

Nilimwomba aseme tena. Akasema tena. Binti yangu alikuja akiwa amechelewa dakika kumi, akamwambia msimamizi wa mtihani kwamba yeye ametumwa na serikali kukagua kama maswali haya yanajibika. Msimamizi, Mungu ambariki, alitazama saa akamwonyesha kiti. Ofisa huyo wa serikali alikagua maswali yote ya siku tatu na hakuacha hata moja. Mimi siku ile ya kwanza, pale kwenye ubao wa simu, nilipiga kigelegele, na kilisikika katika laini zote zilizokuwa wazi kutoka Kisumu hadi Busia. Msimamizi wangu wa posta alinipa onyo la maandishi. Ninalo bado, na ninalipenda.

Alikuwa wa pili katika shule. Barua ya kuitwa sekondari ilikuja mwanzoni mwa mwaka ikiwa na fomu ya kujazwa na wazazi, na katika fomu hiyo swali moja: mtoto ana ugonjwa au hali gani maalumu, itaje. Mimi na mume wangu tulikaa nayo mezani. Yeye alitaka tuandike neno la daktari, kwamba litaheshimiwa. Mimi niliogopa neno hilo litamrudisha kwenye bweni la Awasi, nikataka tuache wazi. Tukabishana mpaka nikagundua tumekuwa wale wawili wa ofisi ya tathmini, nikaacha. Tuliiacha fomu hapo, kalamu juu yake, tukaenda kanisani. Hatukumwambia mtu kitu.

Tuliporudi nafasi ile ilikuwa imejazwa, kwa mwandiko mdogo ulionyooka. Aliandika: "Jina lake silijui, wakubwa bado wanabishana. Ukiniambia fanya, mwili wangu unajifunga. Ukiniambia kazi iko wapi, nitaiona mwenyewe. Nimefaulu hivyo."

Mume wangu aliisoma akiwa amesimama. Akaisoma tena akiwa amekaa. Kisha akachukua kalamu, na mahali pa sahihi ya mzazi akatia yake.